Kofia Iliyokamata Mkono Wangu

Kazi ya ukalimani nilijipa mwenyewe. Shule yetu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilikuwa inawapeleka wazee Lilongwe kutazama nyumba moja ya vitu vya kale, na mwalimu alipouliza nani anajua Kiingereza, mkono wangu ulinyooka kabla ya akili kuulizwa. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha mihula miwili.

Kwenye lori, koko, ndivyo sisi wa Kindu kule Kongo tunavyomwita bibi, aliwatangazia abiria wote kwamba mkalimani ni mjukuu wake. Alianza Dzaleka, akamaliza tulipoteremka Area 49, mtaa wa Lilongwe.

Mwenyeji wetu alikuwa kijana wa Kimalawi mwenye tai, anaongea mbio utadhani anafukuzwa. Mbele ya mtumbwi wa gogo moja alisema sana, huku akipiga kasia hewani. Mimi nikaambulia neno moja tu: chifu. Wazee wananisubiri.

"Anasema hili ni jeneza la chifu."

Wazee wa kwetu Maniema wakainua mikono wakasoma Fatiha. Warundi wakavua kofia. Kijana akaniuliza wanafanya nini.

"Wanausalimia mtumbwi."

"Zikomo!" akashukuru kwa Kichewa, akainama kwa furaha.

Koko aliutazama mtumbwi, akanitazama mimi.

Tukafika kwenye kichwa cha sanamu ya mti kilichovalishwa kitu cha vijiti vyembamba, kipana chini, chembamba juu. Kibandiko kilikuwa na herufi kubwa, hivyo hapo nilisoma sawasawa. "Kofia ya ngoma."

Koko akanifinya. "We mutoto, uongo yako haiishake?"

"Koko, huu si wangu, ni wa kwao!"

"Ile ni mutego ya samaki. Mi nimesuka ya vile kule Kindu mpaka vidole vikakomaa. Mwambie."

Nikamwambia. Kijana akatabasamu, akasema vitabu vyao vimeandika kofia. Nilipomtafsiria koko, akanywea. Tangu tufike kambini watu walikuwa wanamfundisha: foleni inapangwa hivi, dole gumba linawekwa hapa, nsima, ugali wa huku, inasongwa hivi. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anajua nini. Sasa kitu anachokijua kuliko wote mle ndani kilikuwa kimevalishwa kichwani.

"Mwambie tena."

Nikamwambia tena, nikaapa na kuapa. Kijana akanikazia macho.

"Wale wamesalimia mtumbwi, huyu anasema kofia ni mtego. Una uhakika unatafsiri?"

Siku nzima nimedanganya na kuaminiwa. Mara moja tu nasema kweli, naonekana tapeli!

Koko hakungoja. Akaivua ile kofia kichwani, kijana akapiga yowe.

"Weka mukono," akaniambia.

Nikaingiza. Ukapita laini kabisa.

"Toa."

Wapi! Ndani kulikuwa na vijiti vingine, ncha zote zinaangalia ndani, na kila nilipovuta vilinichoma zaidi.

"Njo vile samaki inafanyaka," koko akawaeleza wote, ametulia kama mwalimu. Kijana akainama, akachungulia, akavigusa vile vijiti kimoja kimoja. Lile tabasamu halikuwepo tena.

"Koko, nitoe."

"Kwanza mwambie ile ya jeneza. Mi nimezaliwa kando ya mutumbwi, we unanidanganya mi?"

Nikaungama mbele ya watu, mkono ukiwa mtegoni, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili. Kumbe kile Kiingereza cha mihula miwili kilikuwa kinatosha.

"Yaani nimevua kofia bure!" mzee mmoja Mrundi akalalamika, akaivaa tena kwa hasira.

Koko akabana vijiti kwa vidole viwili tu, mkono ukatoka na michubuko yake.

Kijana akakibandua kibandiko, akakigeuza, akaandika maneno mapya. Koko akauliza yanasemaje. Nikafungua mdomo. Kijana akanitazama, akafikiri, akachukua tena kalamu na kuchora samaki chini ya maandishi.

Koko akamwangalia yule samaki, mkia hadi kichwa, akamwekea kidole.

"Huyu njo mukalimani," akasema.