Ndagala kwa Vidole vya Mama Godelieve

Tangu mtumbwi wa wakimbizi uzame mwaka 1996, ukiwa na binti yake Divine, Mama Godelieve hakuonja tena samaki. Ziwa lilimchukua mwanawe. Yeye hangekula kinachonenepa humo. Pale mjini Baraka, kando ya ziwa, hakuwa peke yake katika nadhiri hiyo, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Miaka mitano alikula bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese.

Kazi yake ilikuwa kusuka nywele. Vita vilipita na kurudi, bamama wakakimbilia porini na kurudi, na kila waliporudi walitaka vichwa vifanane na vya watu. Mwaka wa tano vidole vyake vikavimba. Asubuhi havikuweza kushika chanuo. Kilichomtisha si njaa. Ufukweni, kabla mtumbwi haujaondoka, alikuwa amemsuka Divine. Picha ya mtoto hakuwa nayo; umbo la kichwa kile lilibaki vidoleni tu. Vidole vikifa, Divine angekaa wapi?

Kituo cha afya hakikuwa na vidonge, maana barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa.

"Mama, mwili iko na baaskari," muuguzi Norbert alimwambia. "Banakuja kulinda, kisha banakatala kurudi ku kambi, ndiyo maana vidole vinavimba."

"Kama baaskari ba hapa? Basi kuku zote zimeisha."

Norbert alicheka. "Ngozi ya kila askari inajengwa na mafuta tunakulaka. Mafuta ya ndagala inamusaidia asikie amri ya kurudi. Haiko dawa ya siku moja, mama, lakini jaribu."

Godelieve akatafuta njia ya kuizunguka nadhiri yake. Alinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, akazichemsha, akaengua mafuta yaliyoelea, akajipaka vidoleni. Mdomoni hakikuingia kitu. Paka wa mtaa wakamfuata mpaka sokoni. Wateja wakashika pua.

"We unasuka bantu ao unabakaanga na mafuta?" akauliza Riziki, jirani yake Mwislamu, muuza ndagala, akamshika mkono kumrudisha kwa Norbert.

"Baaskari beko ndani, mama!" Norbert alisema. "Hii mafuta ni ya kula."

"Sitakula. Divine iko mule."

Riziki akampeleka nyumbani kwake. Hapo akaweka sahani moja katikati yao, ndagala juu ya sombe.

"Lukmani wangu pia iko mule," alisema. Mumewe alikuwa katika mtumbwi uleule. "Mara ya kwanza nilikula nikilia. Sikumusahau. Kula, dada. Ukilia, mi niko hapa."

Godelieve alichukua ndagala moja, akaanza na kichwa, sehemu ambayo Divine alikuwa akimnyang'anya kila siku. Alilia, akachukua nyingine.

Vidole havikupona kabisa. Baada ya miezi vilianza kukunjuka mapema asubuhi. Vidonge navyo vilikuwa vimefika, na Norbert hakutaka kujisifu. Kichwa cha kwanza alichosuka kilikuwa cha Riziki, aliyevua kitambaa uani, mlango umefungwa. Vidole vikashika njia yao, vikasimama kidogo kisogoni, vikaendelea.

"Kaa vizuri. Divine alikuwa mutulivu kuliko we."

"Divine alikuwa mutoto. Mi shingo imezeeka, nisuke pole."

Nje ya mlango, paka mmoja bado alikuwa anangoja.