Ndala za Uzi Mwekundu

Juzi nilimpeleka binti yangu kuona mahakama ya zamani hapa Durban, ambayo sasa ni makumbusho. Harufu ya polishi ya sakafu ilinirudisha kwetu Bukavu, katika jengo la enzi za Wabelgiji ambako kesi za vita zilikuwa zikisikilizwa.

Mchana mmoja, nilipokuwa mdogo, Mama aliniacha na shangazi kwenye benchi la ukumbi wa mahakama ile. "Kaa kimya, naenda kutafuta maji," aliniambia.

Baadaye aliingizwa mwanamke aliyefunikwa kitenge kuanzia kichwani hadi magotini. Sikujua kwamba mashahidi hufichwa wasitambuliwe. Nilidhani ni bibi harusi. Kisha nikaona ndala zake, ukanda mmoja umeshonwa kwa uzi mwekundu ambao asubuhi ile niliutunga sindanoni mwenyewe. Nilifurahi sana.

"Shangazi, Mama iko pale," nilisema kwa sauti.

Mshtakiwa, ambaye muda wote alikuwa akitazama dirishani, aligeuka polepole akanitazama mimi, kisha zile ndala. Kabla ya Jumapili tulikuwa tumeuhama mji.

Juzi binti yangu aliniita kutoka upande wa pili wa ukumbi, "Mama." Kwanza niliangalia nani amegeuka.