Siku Spika Aliponyamaza

Kaka yangu hajui kunyamaza. Simtukani, ndiyo kazi yake. Anachukua katuni za Kijapani, zile ambazo vijana wanaziita anime, anapunguza sauti za Wajapani wenyewe mpaka zinabaki mnong'ono, kisha anaweka ya kwake juu. Yeye ndiye shujaa, yeye ndiye adui, yeye ndiye msichana mwenye nywele za buluu na bibi yake pia, na farasi akikohoa, basi yeye ndiye farasi. Mtaa mzima unamwita Spika. Hata mama yetu, aliyempa jina zuri tu la ukoo, siku hizi akimtafuta anauliza, "Spika kapita hapa?"

Chumba chake cha kurekodia, hapo nyumbani kwake, kimepakana na changu cha ushonaji, ninachokuja kila siku kutoka kwangu kwa mume. Katikati kuna ubao mwembamba, na upande wake ameugongomea godoro kuukuu ili mlio wa cherehani yangu usiingie kwenye vita vyake vya mapanga. Godoro linazuia cherehani kwenda kwake. Mdomo wake kuja kwangu, halijaweza kuuzuia. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia nimeyasikia nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, napiga pindo, wala sikupeleleza mtu. Haya, siku mbili tatu nilikisogeza kiti.

Mkewe, yaani wifi yangu, yuko mbali. Alikwenda nchi ya watu kumtunza bibi kizee asiyeweza kutoka kitandani peke yake: kumgeuza, kumwogesha, kumlisha. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo ninaousimulia. Ama atarudi, ama ataongeza miaka miwili. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa kaka yangu kooni. Ukuta wa chumba chao alikuwa ameshaupaka rangi. Pazia jipya nilikuwa nimeshamshonea. Lakini kumuuliza mwenyewe, "Mke wangu, unarudi?" alikuwa hathubutu. Kila Jumapili mchana akipiga simu, ni yeye tu: mteja fulani kasema hivi, umeme umefanya vile, paka wa jirani kazaa kwenye kapu la nguo. Anasimulia, anacheka, anajijibu. Mwisho wifi anasema, "Haya mwenzangu, bibi ameamka," na simu inakatika. Ndipo anakuja kuegemea mlango wangu kwa unyonge.

"Umemuuliza?"

"Leo alikuwa na haraka."

"Haraka ipi, kaka? Umeongea mpaka nimemaliza suruali nzima!"

"Nitamuuliza wiki ijayo."

Na wiki ijayo inakuwa habari ya bomba la maji.

Watu hawajui kwamba ni wifi aliyeleta mambo haya nyumbani. Kabla hajaondoka alikuwa akinunua manga za mitumba, vile vitabu vya michoro vinavyosomwa kuanzia nyuma, kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua neno lake. Alikuwa anasoma picha. Jioni walikuwa wanakaa kitandani, migongo ukutani, kitabu kimoja magotini mwa watu wawili. Kaka anataka kufunua haraka wafike kwenye mapigano, wifi ameubana ukurasa kwa kidole gumba. Kuna ukurasa mmoja aliwahi kuniletea mpaka kwenye cherehani nikautazame. Haukuwa na neno hata moja. Msichana anamfunga kijana bandeji mkononi. Kwenye picha ya kwanza kijana ameushika upanga kwa mkono mzima. Kwenye ya pili upanga umelala magotini. Kwenye ya tatu uko sakafuni, mbali, na hakuna anayeuangalia.

"Umeona, wifi?" akaniuliza.

"Nimeona bandeji."

"Bandeji achana nayo. Tazama upanga unavyokwenda."

Ndivyo alivyokuwa. Sisi wengine tunangoja watu wakumbatiane ndipo tujue wanapendana. Yeye alikuwa anatafuta nani kampa nani mgongo, nani kala bila kuchungulia mlango, nani kasinzia mbele ya nani. Kaka alikuwa anamtania, eti ameoa daktari wa migongo. Lakini alitulia pale kitandani, akatazama kila alichoonyeshwa. Nikiwapitia na kikombe changu cha chai nilikuwa nawakuta kimya, vichwa vimegusana, na nilikuwa narudi zangu bila kuomba sukari niliyoifuata.

Mwezi huo kaka alikuwa anatia sauti hadithi ya mlinzi mmoja mwenye kovu shingoni. Mlinzi huyo hakai mahali pasipo na ukuta nyuma yake. Hata usingizi anauchukua kwa kuegemea nguzo. Anasafiri na binti ambaye ni kinyozi, na kila wanapopumzika binti anamwambia ndevu zako zimekuwa kichaka, njoo nikunyoe, naye anakataa. Basi katika sehemu moja, asubuhi, mvua imekatika, mlinzi anatoka nje, anavuta kigoda na kukaa akiwa amempa binti mgongo. Analaza kichwa nyuma. Kovu lote linaonekana. Binti anachukua wembe. Na kwa muda mrefu sana hakuna anayesema lolote. Wembe unakwaruza, maji yanadondoka kutoka kwenye paa, basi.

Kaka yangu Kijapani hajui. Anasoma maandishi yanayopita chini ya picha, anayageuza kwa lugha yetu na kuyatia chumvi. Pale hapakuwa na maandishi. Kwa mtu wa kazi yake, pasipo na maandishi ni shimo, na shimo linafukiwa, maana sauti ikinyamaza kidogo tu mteja anarudi na flashi yake mkononi: "Spika, umenipa mbovu, sauti imekata." Akafukia. Nilimsikia kwa masikio yangu, kwanza kwa sauti nzito: "Taratibu mrembo, shingo hiyo ndiyo ninayomezea chakula!" Halafu kwa sauti ya kike: "Tulia mpenzi, nikikuchinja nani atanioa?" Akaenda hivyo hivyo mpaka ndevu zikaisha. Mtaa ulicheka mpaka basi. Vijana wakikaa kwenye kiti cha kinyozi wanasema, "Taratibu, ndiyo ninayomezea hiyo." Na mimi nilicheka, nikajichoma sindano.

Kama kawaida yake, akamtumia wifi. Siku ya pili jibu likaja, ujumbe wa sauti, mfupi. Aliurudia mara nyingi mpaka nami nikaukariri.

"Nimeangalia. Mwenzangu, pale walikuwa hawasemi kitu. Kwa nini umewasemea? Pale palikuwa pangu."

Akaja kwangu amevimba. "Eti pake! Kazi yangu, jasho langu, wateja wamefurahi, yeye anasema pake. Ana maana gani?"

"Muulize yeye."

"Wewe si mwanamke? Niambie."

"Mimi ni fundi cherehani. Ilete hapa tuitazame, ile isiyo na mdomo wako."

Akaleta kompyuta, akaiweka juu ya vitambaa vyangu. Nilikuwa nimeshaiona sehemu hiyo ikiwa na vichekesho vyake, nikadhani nimeiona. Kumbe sikuwa nimeona kitu. Mkono wa yule binti unatetemeka. Wembe umefika karibu na kovu, hauendi wala haurudi. Mlinzi amefumba macho, hauoni mkono, lakini amejua, kwa sababu na yeye amebana pumzi. Sasa wewe ungesema angalau "usiogope." Yeye hasemi. Anashusha mabega tu. Mabega yakishuka, mkono unatulia, na wembe unapita juu ya kovu lile polepole mpaka mwisho wake. Nilijikuta nimeshika mkasi hewani. Nilisikia uchungu kifuani, uchungu wa kutamani, na sikujua natamani nini hasa.

"Kaka," nikasema, "huyu mtu amempa shingo yake."

"Nimeona."

"Wewe ulivyomfanya, anabwabwaja kwa sababu anaogopa."

"Kwani haogopi?"

"Anaogopa sana. Lakini amekaa."

Alifunga kompyuta, akaenda zake, na mchana huo kulikuwa kimya upande wa pili wa ubao mpaka mteja wangu mmoja akauliza kama Spika anaumwa.

Alirekodi upya. Maneno yote kabla ya kigoda akayaacha, na yote baada ya ndevu, lakini pale katikati akaacha wembe na maji peke yao. Aliniita nikamkuta ameifunika maiki kwa kiganja, mkono mwingine mdomoni kwake, kama mtu anayezuia kucheua. Wateja walipopata toleo hilo wakaja juu. "Spika, umelala?" "Spika, rudisha ile ya kumezea!" Mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba amekwisha. Kaka yangu, mtu ambaye hajawahi kushindwa kumjibu yeyote, akamwambia, "Sikiliza wembe," akaendelea na kazi. Akamtumia wifi. Wiki nzima wifi hakujibu neno, na kaka akawa anaacha chakula chake kinapoa sahanini.

Jumapili ikafika. Simu yake huwa anaiweka mezani, sauti wazi, kwa sababu akiongea anahitaji mikono yote miwili. Nilikuwa natia marinda kwenye gauni. Nikasikia wifi anasema hujambo, kaka anasema sijambo, habari za huko, nzuri. Hapo ndipo huwa anaanza. Nikangoja aanze. Kimya. Nikasimamisha mashine nikidhani ndiyo inayomfunika. Kimya. Nikafikiri ameanguka, nikainuka nusu.

Wifi naye alishangaa. "Upo?"

"Nipo."

"Umeme umekatika?"

"Haujakatika. Nimekaa tu. Nakusikiliza."

Kule kwa wifi nilisikia maji ya bomba yanafungwa, kikombe kinawekwa, mlango unarudishwa taratibu. Sikuwahi kusikia kitu chochote cha nyumba ile. Kwa miaka yote hiyo sikujua hata kama ina mlango unaolia.

"Jumapili ile ya paka," wifi akasema, "binti yake bibi alikuwa amesimama hapa jikoni, mbele yangu. Alitaka jibu la mkataba siku hiyo hiyo. Nikamwambia subiri kwanza nimsikie mume wangu. Nikasema moyoni, akiniuliza tu, akisema rudi, hata kwa utani, nafungasha. Nikawa nangoja upumue. Ukamaliza paka, ukaingia kwenye umeme. Yule akaangalia saa. Nikamwambia nitabaki."

Nikangoja mlipuko. Ningekuwa mimi ningelia, ningelaani, ningemuuliza kwa nini basi hakunikatiza. Nilisikia kiti cha kaka kinalia mara moja, kama mtu aliyejiegemeza.

"Miaka miwili?"

"Miwili."

"Nilikuwa nataka kukuuliza kila Jumapili. Naogopa."

"Najua. Na mimi naogopa. Nimekaa huku muda mrefu, mwenzangu. Hujui hata nimekuwaje."

"Rudi," kaka akasema.

"Nimeshatoa neno langu kwa watu."

"Najua. Nimesema tu ulisikie."

Wifi akalia. Hakulia kwa kelele, alilia kama mtu aliyefunika mdomo kwa kanga ili mgonjwa asiamke. Na kaka yangu, anayeweza kumsemea farasi, hakumwambia usilie, hakumwambia miaka miwili si mingi, hakumchekesha. Alikaa. Nilikuwa nasikia pumzi yake kupitia godoro.

Baada ya muda wifi akapenga kamasi. "Huyu bibi," akasema, "siku ya kwanza alinitemea chai usoni. Sijakusimulia. Nilikaa chooni kwao nikalia, nikasema kesho napanda ndege. Siku hizi asubuhi akisikia naingia, ananyoosha mkono kabla hajafumbua macho. Hajui kama ni mimi au ni mwizi. Anaunyoosha tu."

"Endelea," kaka akasema.

Hapo nikaweka gauni chini. Mimi ni mbea, kila mtu anajua, na ubao ule umenilisha habari miaka mingi. Lakini yale hayakuwa ya ubao. Nikatoka polepole, nikakivuta kiti changu mpaka barazani, nikaufunga mlango wa chumba cha kaka kutoka nje ili mwenye flashi mbovu asije akaingia. Alikuja mmoja, nikamwambia Spika yuko kazini. Akauliza mbona hasikiki. Nikamwambia nenda, urudi kesho.

Jua lilihama kutoka baraza la jirani likaja kwetu, na simu ilikuwa haijakatika. Nyumbani, mitaa miwili kutoka pale, mume wangu alikuwa amelala kitandani kwetu, mzima wa afya, na usiku huo tungelala mto kwa mto. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alinieleza kitu, au mimi nilimweleza, mpaka mwisho, bila mmoja wetu kuwasha televisheni. Sikukumbuka. Nikakaa pale na uzi mdomoni, nikimwonea wivu kaka yangu, ambaye mchana huo huo alikuwa ameambiwa na mkewe kwamba harudi.