Mawaziri Kumi na Mmoja wa Karani wa Masjala

Katika miaka thelathini na mitatu aliyokaa kwenye masjala ya wizara ya nyumba, Karani alifanya kazi chini ya mawaziri kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita kwa jina lake. Mimi nilikuwa tarishi pale pale: nilipandisha faili juu, nilizishusha chini. Sasa yeye na mkewe wote wawili wameshaondoka duniani, na nyumba yao imevunjwa pakajengwa ghorofa. Ndiyo maana naweza kuandika jambo hili bila kumponza mtu.

Siku hizi ukitaja waziri wa nyumba watu wanafikiria gari jeusi lenye vioo vya giza. Waziri wa kwanza, nchi ilipoanza kujitawala, alikuja kazini kwa miguu, na mfukoni alikuwa na futi ya seremala. Alipima vyumba kwa mkono wake. Akikuta chumba cha mtumishi kimepunjwa, mkandarasi alikibomoa na kuanza upya. Yeye ndiye aliyeamuru kila karatasi inayoshuka kutoka mezani kwake igongwe muhuri wa tarehe, na pembeni ya muhuri karani aandike saa, maana watu wa juu na wa chini walikuwa wakisingiziana nani amechelewesha nyumba ya nani. Alishuka masjala mwenyewe kukagua. Alikaa kwenye kiti cha Karani na Karani akasimama.

Baada yake cheo chenyewe kikaanza kutangatanga. Nyumba zikaunganishwa na ujenzi, waziri mmoja akawa ameshika barabara mkono huu na vyoo mkono huu. Kisha zikahamishiwa ardhi. Kisha maji, kwa mwaka mmoja tu, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza kwa nini. Kuna kipindi hatukuwa na waziri kabisa. Tulikuwa na naibu wa kuazima, anakuja Jumanne na Alhamisi kama daktari wa meno. Mchoraji wa bango la mlangoni akaacha kufuta bango zima. Alipaka rangi juu ya neno la mwisho, akaacha nafasi, akasema, "Wakibadilisha tena mtanikuta kantini."

Karani hakuyafuata majina hayo. Alipanga faili kwa waziri, na kila waziri alimpa uzi wake: wa kwanza mwekundu, wa pili mweusi, wa tatu kijani, hivyo hivyo. "Jina la wizara linabadilika mimi nikiwa nakunywa chai," aliniambia. "Aliyeweka sahihi habadiliki." Mtindo huo haukuandikwa popote na hakumfundisha mtu. Alingoja aulizwe. Hakuna aliyeuliza, na hilo lilikuja kututoa jasho.

Waziri wa saba alidumu wiki sita. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, na katika wiki hizo sita alifanya jambo moja tu: aliagiza liandikwe azimio kwamba mtumishi anayestaafu asitolewe kwenye nyumba ya serikali mpaka yeye na mwenzi wake wote wawili wafariki. Lilikuwa bado mezani kwake, halijasainiwa, redio ilipotangaza kwenye habari ya saa saba mchana kwamba ameondolewa.

Karani alizipanda ngazi mbili mbili, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilimfuata. Tulimkuta waziri anaweka picha za watoto wake kwenye boksi. Karani akamfungulia faili mbele yake.

"Mimi si waziri tena, ndugu yangu," akasema.

"Barua haijafika, mheshimiwa. Iliyofika ni redio."

Akacheka, akakohoa, akasaini. Faili ikashuka, Karani akagonga muhuri. Kisha, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea hivyo, akaandika pembeni: saa nane kasoro dakika kumi.

"Andika saa sita," nikamnong'oneza.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali.

Kwa miaka mingi hakuna aliyelifungua azimio hilo. Wastaafu walikaa kwenye nyumba zao, watu wakaona ndivyo ilivyo. Karani naye akastaafu, akabaki kwenye nyumba ya serikali namba kumi na saba, na huko ndiko mkewe alikopoteza macho.

Nyumbani kwake shemeji hakuwa kipofu. Hatua tisa kutoka kitandani hadi jikoni, kigae kilichopasuka hapo ndipo pa kugeuka, kabati la vyombo kushoto. Aliwasha jiko, akamenya vitunguu, akanifungulia mlango kabla sijabisha, akisema, "Pita, mwenye viatu vizito." Mara moja walimpeleka kwa mdogo wake, msibani, siku mbili. Alianguka mara mbili na akaungua mkono kwa maji ya moto. Alirudi nyumbani akakaa sakafuni, akapapasa ukuta kama mtu anayemsalimia ndugu.

Basi wakaja vijana wawili na ndoo ya gundi, wakabandika ilani mlangoni. Siku kumi na nne, ahame, isipokuwa aonyeshe azimio la waziri lililosainiwa.

Siku kumi na mbili za mwanzo Karani alizimalizia kwenye mabenchi ya wizara. Walimwambia faili hiyo haimo kwenye kompyuta. Walikuwa wametafuta chini ya nyumba, chini ya ardhi, chini ya maji, maana waliomfuata masjala walijua majina ya wizara tu. Na wizara ilikuwa inaunganishwa tena, safari hii na nyingine tatu, kwa hiyo faili kuukuu zote zilikuwa zinapakiwa kwenda kiwanda cha karatasi kusagwa. Lori la mwisho lingeondoka Ijumaa. Alhamisi asubuhi alikuja kwangu. Hakuwa amenyoa, na vifungo vya shati alikuwa amevifunga vibaya.

"Nisindikize," akasema. "Macho yangu nayo hayaaminiki."

Ghala lilikuwa nyuma ya karakana. Marobota yalikuwa yamepangwa mpaka darini, nyuzi zimepauka, nyekundu imekuwa kama ya waridi, kijani imekuwa kijivu. Mpakiaji mmoja alikuwa amekalia mawaziri watatu akila mkate.

"Wazee, mnatafuta vyeti vya ndoa?" akatuuliza. "Mkishindwa njooni kesho kiwandani na ungo."

Sikucheka. Nilimuuliza Karani, "Wa saba ulimfunga kwa rangi gani?"

"Uzi ulikuwa umeniishia. Wiki sita, bwana. Hata kuagiza sikuwahi."

"Sasa ulitumia nini?"

"Nilitumia kitu."

"Kitu gani?"

"Usinikimbize."

Tulianza kupekua robota moja baada ya jingine. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mpakiaji alimaliza mkate, akaanza kutupunguzia upande wa mlangoni, akibeba mawili mawili kwenda kwenye lori, na kila alipobeba, Karani aliacha alilolishika akamkimbilia kuyatazama. Jasho liliziba miwani yake. Nikamwambia akae, atazimia. Akasema akikaa hatasimama.

Ghafla akanishika mkono. "Pazia. Nilichana pazia kuukuu la jikoni kwetu. La maua ya njano."

Tulilikuta kwenye lori, robota la nne kutoka chini. Mpakiaji alitusaidia kulichomoa, tena bila kuombwa, namshukuru. Azimio lilikuwamo, na sahihi, na muhuri.

Afisa aliyetupokea alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu. Alituletea viti, na hilo nalo nimelikumbuka kwa kuwa limekuwa adimu. Akasoma azimio mara mbili. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye korido ilipotundikwa orodha ya mawaziri wote wa nyumba tangu wa kwanza, kila mmoja na tarehe ya kuingia na ya kutoka, akarudi mezani kwake polepole.

"Mzee wangu, kuna tatizo dogo. Tarehe ya sahihi na tarehe ya kuondolewa ni moja."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hapa mmeandika saa nane kasoro kumi. Orodha haina saa. Sasa alisaini kabla ya kuondolewa au baada?"

Nilitaka kujibu mimi, lakini binti hakuniuliza mimi.

"Nikiandika kwamba masjala imethibitisha ni kabla, mkuu atapitisha leo leo," binti akasema. "Masjala ya wakati huo ni wewe. Hakuna mwingine wa kumuuliza." Akatabasamu kidogo. "Mimi sikuwa nimezaliwa."

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu. Karani aliutazama mwandiko wake mwenyewe kwa muda mrefu. Mtu huyu aliwahi kumkatalia waziri wa tano kurudisha tarehe ya muhuri nyuma kwa siku moja, akahamishiwa stoo mwaka mzima.

"Kabla," akasema.

"Waziri aliondolewa saa ngapi?"

"Jioni."

Binti akaandika. Alituletea barua ikiwa na sahihi ya mkuu wake, akatushika mikono wote wawili, akatutakia safari njema.

Njiani Karani alitembea mbele yangu, barua mkononi. Nilijaribu mzaha, nikamwambia kwamba hata kitabu kikubwa kina ukurasa wenye doa. Akaniambia ninyamaze. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu sasa. Ninaowalaumu ni wale walioacha historia ya cheo kizima ibaki kichwani mwa mzee mmoja mwenye njaa, halafu wakamwomba awe shahidi wa nyumba yake mwenyewe.

Shemeji alikuwa ameshafunga vyombo kwenye shuka, amekaa juu ya furushi katikati ya sebule, viatu miguuni.

"Tunabaki," Karani akamwambia.

Aligeuza uso kuelekea sauti yake, akasikiliza, ingawa hakukuwa na zaidi.

"Mbona unasema kama mtu anayehama?"

Karani alipiga magoti, akaanza kufungua fundo la shuka, likamshinda, na mimi nikalifungua. Shemeji akaanza kuvirudisha vyombo kabatini, sahani moja moja, kila moja mahali pake, na mumewe akabaki pale sakafuni, barua ikiwa bado mkononi.