Sitini, Kumi na Saba

Siku kamati ya mtaa ilipomnyang'anya zamu ufunguo, mimi nilikuwepo, na sikuhisi kitu. Nasema hivyo mapema, mtu asije akanidhania wema nisiokuwa nao. Miezi minne kabla nilikuwa nimemzika mama yangu, na tangu hapo nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya. Nilikula, nilioga, nilikwenda karakana yetu kule kwenye viwanda vya Zone Industrielle, nikachomelea waya, nikarudi nyumbani. Wengine walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema nina imani. Niliwaacha waseme.

Zamu ndivyo tunavyomwita mlinzi hapa Bujumbura. Huyu alikuwa mzee wa Buyenzi, Mwislamu, mjane, na kazi yake ilikuwa kulinda kibanda cha matofali kando ya mfereji wa Buterere, pale nyumba zinapoishia na mashamba ya mpunga yanapoanza. Ndani ya kibanda kulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli, na ndani ya sanduku kulikuwa na kazi ya mikono yangu: bodi ya kompyuta isiyozidi kiganja, betri yake, na waya zilizokwenda kwenye vipimo viwili vya maji na kwenye king'ora kilichofungwa juu ya nguzo. Maji yakipanda sana mferejini, king'ora kilie, watu watoe watoto na magodoro kabla tope halijaingia ndani. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na mzee alikaa nao shingoni, kwenye kamba ya kiatu.

King'ora kililia mara tatu bila mafuriko yoyote. Mara ya kwanza watu walikimbia, kisha wakacheka. Mara ya pili hawakucheka. Mara ya tatu ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na mama mmoja aliyepooza alitolewa nje na wanawe juu ya ubao wa mlango. Walikuwa wanakimbia, mmoja akateleza, mama wa watu akaangukia mtaroni. Hakuvunjika, ila alilala pale na nguo zake zimepanda, majirani wote wanamtazama, na maji hayaji.

Kesho yake kamati ikakaa, na mimi nikaitwa kama fundi. Mzee aliulizwa kama aliwahi kufungua sanduku. Akasema ndiyo, mara moja, kuchaji simu yake kwenye betri, na siku hiyo hiyo alimwambia mkuu wa mtaa. Kukawa na minong'ono. Mkuu wa mtaa akanigeukia.

"Madamu, hii mashine inaweza kujiwasha yenyewe?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuomba siku mbili nikaiangalie. Nilikuwa nimechoka, kiti kilikuwa kinanichoma, na nilitaka kwenda kukaa mahali pasipo na watu. Nikasema, "Apana. Lazima kuna mutu aliyeigusa."

Nilijibu kama mtu anayeulizwa saa ngapi. Mzee alinitazama kidogo, akaivua ile kamba shingoni. Ilinasa kwenye kofia yake, kofia ikaanguka, akainama kuiokota, na hakuna aliyemsaidia, nami nikiwamo.

"Kazi mutachukua, si mbaya," alisema. "Lakini jina yangu? Mi niko na miaka yote hii mu hii muji, hakuna mutu alisha niita muongo."

Wiki ile ile kibanda kikapewa zamu mwingine, kijana wa kwaya, na mzee akaenda kukaa kwa binti yake huko Ruziba.

Haikupita muda, Jumapili moja, king'ora kikalia tena. Zamu mpya alikuwa kanisani, amesimama mbele ya watu wote anaimba, na ufunguo uko mfukoni mwa suruali yake. Nilipigiwa simu. Nikakaa na simu ile mkononi, nikaelewa vizuri kabisa maana yake, na bado sikuhisi kitu. Nilifungasha vifaa tu.

Jumatatu nilikwenda Buterere na kompyuta yangu, nikageuza ndoo nikaikalia mbele ya sanduku. Ili nisimpoteze mtu, nieleze bodi ile inavyoongea na vipande vyake. Vyote vimening'inia kwenye waya mbili zile zile, kama nyumba za barabara moja. Kila kimoja kina nambari yake. Bodi ikitaka kitu inaita nambari, mwenye nambari anaitika, wengine wananyamaza. Raha yake ni hiyo, huhitaji waya nyingi. Ubaya wake ni kwamba nambari ikikosewa, anaitika asiyehusika, na bodi haina macho ya kuona ni nani.

Nilianza kwa kutazama tu. Asubuhi ile wakulima walikuwa wamefungulia maji yaende kwenye mpunga, mfereji ukajaa nusu. Maji yalipogusa alama ya kwanza, king'ora kikapasuka kwa mlio juu ya kichwa changu. Nikakizima. Kwa mpango nilioandika mimi mwenyewe, maji yakigusa alama ile, kipimo cha kwanza huipa bodi habari, na bodi huuliza kipimo cha pili kithibitishe. Ni swali tu. King'ora hakikutakiwa kulia kwa swali.

Nikachomoa waya wa kipimo cha pili. King'ora kikalia vile vile. Kibaya zaidi, kwenye kioo cha kompyuta bodi iliendelea kuniandikia kina cha maji kutoka kipimo cha pili, na kipimo chenyewe kilikuwa mapajani pangu, kikavu, kimejikunja na waya wake. Nikakitazama. Kwa hiyo kuna mwingine alikuwa anaitika kwa jina lake.

Wenye mashamba walikuja kuniuliza kama wahame. Niliwaambia wakalime.

Nikarudisha waya, nikaandika amri fupi: bodi iite nambari zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, iniambie nani ameitika. Waliitika watatu. Arobaini na nane, hicho ni kipimo cha kwanza. Sitini, hicho ni kipande kinachoendesha king'ora. Na sabini na saba. Nambari hiyo sikuwa nimeiandika mahali popote.

"Septante-sept," nilisema kwa sauti, kwa Kifaransa tulichofundishwa shuleni, maana hesabu zetu hapa huwa tunazifanya kwa Kifaransa. Ndipo nikaikumbuka simu ya wauzaji.

Wauzaji wa kipimo cha pili walikuwa Ufaransa, na nambari yake waliniambia kwa simu, wiki moja baada ya mazishi. Kifaransa chetu kimetoka kwa Wabelgiji: sabini ni septante, neno moja, kwisha. Mfaransa wa Ufaransa hana neno hilo. Sabini na saba kwake ni soixante-dix-sept, yaani sitini na kumi na saba. Bwana wa kwenye simu alisema "soixante", mtandao ukakatika kidogo, akamalizia "dix-sept". Mimi nilikuwa naandika nyuma ya karatasi ya nyimbo za mazishi, ndiyo iliyokuwa mkobani. Niliandika: 60, 17.

Na iliniingia akilini kabisa. Vipande hivi huwa na nambari ya kuitia, halafu ndani vina vyumba vidogo vya kuhifadhi vipimo, navyo vina nambari zao. Nikadhani sitini ndiyo nambari ya kuita, kumi na saba ndicho chumba cha kusoma. Kumbe sitini tayari ilikuwa na mwenyewe, king'ora, na nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu kwenye orodha ya nambari ndani ya mpango wangu, mistari miwili juu ya hapo. Kila bodi ilipouliza "sitini, kumi na saba", kipande cha king'ora kilichukua ile kumi na saba kama amri, kikalia. Kilifanya kilichoambiwa. Karakanani nilijaribu kila kitu kwenye beseni la maji, lakini king'ora chenyewe nilikuwa nimekichomoa ili nisiwatese majirani.

Karatasi ya maelezo ya kipimo ilikuwa kwenye droo. Ningeifungua ningeona. Sikuifungua.

Kurekebisha kulichukua dakika moja. Nilifuta sitini, nikaandika sabini na saba. Maji yalikuwa bado kwenye alama, bodi ikauliza, kipimo kikajibu, king'ora kikanyamaza. Nilikaa pale juu ya ndoo mpaka jua likanipata, kwa sababu sikuona haraka ya kwenda kokote.

Nilikwenda kwa mkuu wa mtaa nikamwambia kosa lilikuwa langu, mzee hakugusa kitu. Alikuwa anakula. Alisema, "Mungu ashukuriwe, imetengenezeka." Nikarudia habari ya mzee. Akasema, "Tumesikia, madamu." Nikauliza kama watamrudisha. Akasema zamu mpya ni mtoto mzuri, na mambo yalishatulia. Ugali wake ulikuwa unapoa.

Basi nikaenda Ruziba. Nilimkuta mzee uani kwa binti yake, mchana, anageuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa juani juu ya wavu. Aliponiona alisimama wima, kama mtu aliyeitwa tena mbele ya kamati, na kwa hilo nikapata shida kumtazama.

"Karibu, mwanangu. Kikalie kile kiti."

Sikukaa. Nilimweleza yote, simu, karatasi, sitini, kumi na saba. Aliomba nirudie sehemu ya Wafaransa. Nikairudia.

"Kwa hiyo haiko mi," alisema.

"Siyo wewe, baba. Ni mimi. Nisamehe."

Aligeuza ndagala chache, moja moja, na hazikuhitaji kugeuzwa moja moja.

"Unajua, mi nilisha kubali," alisema.

"Ulikubali nini?"

"Kama ni mi. Nilikaa hapa, nikafikiri. Fundi alisoma, amesema ni mutu. Ufunguo iko na mi peke yangu. Basi njo mi, ni mi tu. Labda niligusa wakati nilichaji simu. Labda ni uzee, nafungua na sijui. Binti yangu nilimupa simu, nikamuambia weka, mi sijiamini tena." Akavuta pumzi. "Halafu nikarudi Buterere na miguu. Nikapita nyumba kwa nyumba, naomba musamaha."

"Nyumba zote?"

"Zote za kando ya mufereji. Nasema, ni mi, munisamehe, siku moja nitazeeka zaidi ya hapa na sitaki kufa na deni ya watu. Wengine walinisamehe. Wengine walifunga mulango."

Hapo ndipo kitu kilipoingia. Ilikuwa aibu, na ilikuwa ya kwanza kunifikia tangu nimzike mama. Niliona miguu yake, viatu vya plastiki, na njia ndefu kutoka Ruziba mpaka Buterere, mji mzima katikati. Nikajikuta nimekaa kwenye kile kiti.

"Nitakwenda mwenyewe," nilisema. "Kesho. Nitapita zile nyumba zote, nitawaambia ni mimi."

"Uende," alisema. "Itakuwa vizuri." Akawafukuza inzi kwa kofia yake. "Anza na wale walifunga mulango. Wale njo wananihesabu muongo mupaka leo."

"Na yule mama aliyepooza? Yeye alikufungia?"

"Apana. Yeye alinishika mukono na ule mukono wake mumoja, akalia, akanisamehe." Aliweka kofia kichwani. "Kwake usiende. Walimuzika juzi. Yeye alienda akijua ni mi."