Hatua Ishirini za Mwalimu

Dada yangu anauza mipira ya gofu, na kabla hujacheka, niseme kwamba hata mimi nilicheka. Miaka kumi na saba iliyopita aliponiambia amepata kazi kwenye duka dogo la klabu, nilimuuliza kuna nini cha kuuza pale, mpira si mpira tu? Akanitazama kwa huruma, jicho lile analomtupia mtu anayenunua viatu bila kuvijaribu. "We subiri," akasema.

Duka lenyewe ni chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kuna kaunta ya kioo iliyopasuka pembeni, rafu tatu, na ndoo mbili za mipira iliyoopolewa kwenye kidimbwi cha uwanjani. Ndoo moja ina rangi ya bluu iliyogandia ukingoni. Mipira mipya hukaa kwenye visanduku, mitatu kila kimoja. Ile ya kidimbwini Dada huiosha kwa sabuni, huikausha kwenye taulo zangu, maana mimi ndiye mfuaji taulo wa klabu na chumba changu cha kufulia kimepakana na duka lake, kisha huipanga kwa madaraja. Kila mpira huudundisha sakafuni mara moja na kusikiliza. Uliolala majini muda mrefu hudunda kwa uvivu, nao huenda kwenye ndoo ya mwisho hata kama kwa macho unang'aa.

Wachezaji walimwita Daktari. Mtu akiingia kifua mbele kutaka mpira wa bei ya juu kuliko yote, ule wa tabaka nne wanaoutumia mabingwa, Dada hakumpa. Alimuuliza kwanza: kwa mzunguko mmoja unapoteza mingapi? Waongo walisema mmoja. Yeye akakaa kimya akiwatazama, wakasema mitano. Basi huo wa tabaka nne, aliwaambia, utakuwa chakula cha kidimbwi. Chukua huu wa tabaka mbili, ganda lake gumu halichubuki, unakwenda mbali, na ukipotea roho haikuumi. Swali la pili lilikuwa la mkono. Mwenye mkono mzito alipewa mpira mgumu, mwenye mkono mwepesi akapewa mpira wa tumbo laini, kwa sababu mgumu unataka kupigwa kwelikweli ndipo ukubali kuruka. Swali la tatu: shida yako iko mbali na shimo au karibu nalo? Wale wenye shida ya karibu, na wasiopoteza hovyo, ndio aliowaruhusu kununua wa tabaka tatu, unaoshika nyasi na kusimama. Nasema aliwaruhusu, na sitanii. Meneja alilalamika kwamba anafukuza pesa, halafu akaona watu wanarudi na jamaa zao, akafunga mdomo.

Shemeji, mume wake, alikuwa kedi pale pale klabu. Kedi ndiye anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo, lakini mgongo ulipoanza kumsumbua alipewa kazi ya kusimama mbele. Kwenye shimo la saba njia inapinda na vichaka vinaziba macho, kwa hiyo mchezaji haoni mpira wake unaangukia wapi. Kedi wa mbele husimama upande wa pili. Filimbi ikilia anainua macho, anaufuata mpira, na ukitua anaupungia kibendera. Kila mchezaji ana mahali pake pa kuangushia, na Shemeji aliwajua wote: huyu mtaroni, yule penye mchanga, mwingine popote Mungu atakapopenda. Alisimama hatua ishirini mbele ya mahali pa kila mtu. Zaidi ya hapo, alisema, macho yake hayauoni mpira.

Alijuaje? Nusu kwa uzoefu, nusu kwa Dada. Nilikuwa nakaa kwao, chumba cha uani, na jioni tulikula pamoja watatu. Wenzetu mezani huongelea majirani. Dada alimpa mume wake habari za mipira. "Mhasibu nimemtoa kwenye migumu, ataongeza hatua kumi." Shemeji hutafuna, humeza, husema, "Nimesikia." Basi. Kesho yake alisogeza miguu hatua kumi. Mimi nilidhani ni watu walioishiwa maneno, na niliwasema sana kwa hilo.

Shemeji alifariki mwaka jana, asubuhi ya jua kali. Mpira ulimpata juu ya sikio akiwa ameinua macho kuutafuta. Aliyeupiga alikuwa Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, mpole, mwenye mkono wa birika, ambaye kwa miaka sita alichezea mipira ya ndoo ya mwisho na kila siku akaishia mtaroni.

Dada hakulia. Siku ya mazishi aliuliza kama viti vimetosha. Wiki ya tatu alirudi kazini, akafungua duka, akafuta kioo, akakaa. Mtu akiomba ushauri alimwambia, "Chukua unaoutaka." Wakachukua. Wazee wa mikono myepesi walibeba mipira ya mabingwa na kuizamisha, wakarudi wakinung'unika, naye akawaambia tena vilevile. Kuosha aliosha, lakini hakudundisha tena. Alimwaga yote ndoo moja, mizima na iliyokufa.

Nyumbani alikula alichowekewa. Ukimwambia oga, anaoga. Ukisahau kumwambia, anakaa. Nami sina subira, sikuumbiwa. Mwezi wa sita tangu mazishi nilimwambia kwa sauti ambayo sikuipenda nilipoisikia: mume wako amekufa, lia basi, au nitukane mimi, fanya chochote.

"Nimekufa ganzi, mdogo wangu," akanijibu. "Najifinya hapa, sisikii kitu." Akanionyesha mkono. Kweli ulikuwa na alama za kucha.

Mwezi wa nane meneja alimwita, akaniita na mimi kama shahidi. Si mtu mbaya, ila ana tabia ya kusema jambo zito huku akipanga kalamu zake. "Daktari, nimevumilia. Wanachama wanauliza, hujibu. Kama ni mtu kuchukua tu anachotaka, rafu inatosha, na rafu haili mshahara. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi." Dada akasema sawa. Tulipotoka nilimuuliza ataishije bila kazi. Akasema hajui, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa.

Zilikuwa zimebaki siku nne Mwalimu alipokuja. Nilikuwa dukani kuchukua taulo chafu, na nilipomwona mlangoni nilitamani nimfungie. Alikuwa amekonda, shati limemzidi. Hakuwa amekanyaga klabu tangu siku ile. Alitoa kisanduku mfukoni, akakiweka juu ya kioo. Ndani mlikuwa na mipira miwili.

"Shikamoo, Mwalimu," Dada akasema.

"Marahaba." Akakisukuma kisanduku mbele kidogo. "Nimekuja kurudisha hii. Sitaki fidia. Sitaki tu ikae nyumbani kwangu."

Dada aliitazama ile mipira, hakuigusa.

"Nimepiga hesabu mara nyingi," Mwalimu akaendelea. "Miaka sita sijawahi kuvuka mtaro. Sikuwa na upepo mgongoni, sikukaza mkono. Mimi ndiye niliyemuua mumeo, Mama, ila mpaka leo sijui niliuvukaje ule mtaro."

"Mimi najua," Dada akasema.

Niliacha kukusanya taulo.

"Mchana wa siku iliyotangulia ulikuja kununua wa ndoo ya mwisho, nikakukatalia. Nikakwambia mipira hii imekufa, inakula nguvu zako bure. Nikakupa laini, mipya mitatu. Nikakwambia utaongeza hatua ishirini. Ulifurahi, ukalipa bila kupunguziwa."

"Nakumbuka. Nilidhani ni maneno ya kunitia moyo tu."

"Kila jioni nilimwambia mume wangu nani nimempa nini, ndiyo ajue pa kusimama. Jioni ile sikumwambia."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Tulikuwa tumenuniana." Akaonyesha kwa kidevu ile ndoo yenye bluu. "Alichukua ndoo yangu akakorogea rangi ya mlango. Nikaapa simsemeshi mpaka aisugue itakate."

Hapo nilikaa juu ya taulo. Kwa sababu nilikuwepo. Jioni ile nilikaa katikati yao, na wao wakasema kupitia kwangu, kama walivyozoea wakinuna. Mwambie shemeji yako anipe chumvi. Mwambie dada yako chai imepoa. Nilipeleka maneno huku na huku nikicheka, nikawaambia watu wazima hovyo nyie. Mlo wote nilikuwa tarishi wao, na neno moja tu lililokuwa na maana halikupita mikononi mwangu. Miezi minane nilimsumbua alie, naye alikuwa amekaa na hilo peke yake.

Mwalimu alishika kaunta kwa mikono miwili. "Basi nipe ile ya zamani," akasema mwishowe. "Ile iliyokufa. Nikirudi kucheza, nichezee ile."

Nilidhani Dada atasema chukua unaoutaka. Mdomo wake ulianza kulisema, nikaona. Halafu akauliza, "Kwa mzunguko unapoteza mingapi?"

Mwalimu akamtazama. "Mmoja."

Dada akasubiri.

"Miwili."

"Mkono wako umepata nguvu?"

"Umepungua, Mama. Si unaniona."

"Shida yako mbali au karibu?"

"Mbali. Siku zote mbali."

Dada akachukua mpira mmoja kwenye kile kisanduku, akaudundisha sakafuni, akasikiliza. Akaurudisha kando ya mwenzake, akakisukuma kisanduku upande wa Mwalimu. "Ni hii," akasema. "Usipocheza, shauri yako. Ukicheza, ni hii. Haina kosa lolote."

Mzee alikichukua, akakitia mfukoni, akatoka bila kuaga.

Dada naye alitoka. Katika miaka kumi na saba sikuwahi kumwona akiacha duka wazi. Nikamfuata na kikapu changu mkononi, sijui kwa nini sikukiweka chini. Tulipita nyuma ya jengo, tukashika njia ya mikokoteni hadi shimo la saba. Kule mbele sasa anasimama Mrefu, kedi mtu mzima mwenye wajukuu, na alipotuona aliteremsha kibendera.

"Mwalimu wa hesabu anaweza kurudi," Dada akamwambia. "Anatumia laini. Anavuka mtaro kwa hatua ishirini. Akiwa yeye, usisimame hapa, nenda kule kwenye kisiki."

"Nimesikia, Mama," Mrefu akasema.

Dada alisimama. Nadhani ni lile neno la Shemeji. Kisha akauliza mume wake alianguka wapi. Hakuwahi kufika pale, siku ile walimwita moja kwa moja hospitali. Mrefu hakutaka, akajikuna shingo, halafu akagusa nyasi kwa ncha ya kiatu. Hapakuwa na kitu, nyasi tu zilizokatwa fupi. Dada akaenda mpaka kwenye mtaro, akageuka, akaanza kurudi akihesabu kwa sauti, hatua za kawaida, wala si ndefu wala si fupi. Alipofika pale kwenye kiatu cha Mrefu alikuwa amesema ishirini.

"Nilimwambia Mwalimu ishirini," akasema. Tukarudi, akaendelea kuuza.

Mwisho wa mwezi meneja alipita akamkuta anambishia daktari wa meno kuhusu tabaka nne, akaondoka na kalamu zake. Hilo la kufukuzwa limekwisha. Sitaki kusema Dada amepona, kwa sababu sijui. Bado ukisahau kumwambia aoge, anakaa.

Lakini jioni ya siku ile Mwalimu alipokuja tulikula wawili, kiti cha tatu kikiwa ukutani tulikokisogeza wenyewe. Alikula nusu, akaweka kijiko. Hakunitazama, alitazama sahani.

"Mwambie shemeji yako," akasema, "Mwalimu nimempa laini. Anaongeza hatua ishirini. Arudi nyuma."

Nilitaka kusema Dada, acha. Akarudia, polepole zaidi, safari hii akinitazama, na nikaelewa kwamba atarudia mpaka nijibu.

"Amesikia," nikasema.

Hapo ndipo alipolia.