Nafasi ya Zulmira Kwenye Duara

Zulmira Serejo alikuwa mpasua kokwa kama mimi. Kwetu Maranhão, Brazili, tunaketi chini kwa duara, shoka limebanwa pajani, makali juu. Kokwa ya babasu, mchikichi wa kwetu, unaiweka kwenye makali na kuipiga rungu, kitoke kiini cha kukamua mafuta. Mwenzetu akiugua tunampasulia fungu lake, na nafasi yake haikaliwi mpaka arudi.

Bwana Altamiro, mwenye shamba, alipozungushia michikichi seng'enge, Zulmira ndiye aliyetangulia kuikata. Mimi nilimfuata, na wapambe wa bwana wakanivunja mkono. Alipogombea ubunge wa jimbo nilizunguka naye vijiji kumi na vinne kwa miguu, mkono ungali umefungwa.

"Ukiingia utafanya nini?" nilimuuliza.

"Sheria moja tu, Ocilene. Kila lango lenye mchikichi ndani lifunguliwe."

Akashinda, mwanamke wa kwanza wa kwetu kuketi bungeni kule São Luís, mji mkuu wa jimbo. Wabunge walimwita Mama Kokwa. "Na wake zenu wanakaangia mafuta ya nani?" akawajibu. Miaka mitatu tulimpasulia fungu lake, tukampelekea mama yake. Tulisema hajahama, yuko kazini.

Mwaka wa nne sheria ikapita. Redio ilimsifu wiki nzima. Kisha, Jumatatu, tukasikia kwamba mashamba yaliyozungushiwa seng'enge kabla ya uchaguzi hayamo. La Altamiro lilikuwa mojawapo.

Alikuja Alhamisi, akatukuta kando ya barabara na kokwa chache za kuokota.

"Bila hivyo nisingepata kura, shoga. Malango mia mbili yamefunguliwa."

"Na letu?"

"Letu bado."

"Ulimuuliza nani kati yetu?"

Alivua viatu, akachukua shoka lake. "Haya, sogea nikae."

Nilikuwa nimekalia nafasi yake tangu Jumatatu.

"Hapa pana mtu, mheshimiwa."

"Ocilene, mwache mwenzio akae," alisema Dalvina, mpasuaji mwenzetu.

Sikusogea. Zulmira akaketi nje ya duara, juani, akapasua mpaka adhuhuri. Viini vilikuwa vikitoka vimepondeka. Mkono ulikuwa umeshasahau. Alipomaliza alivimimina vyote kapuni mwangu, akavaa viatu, akaenda kungoja basi.

Nilivikamua mafuta vilevile, na vipande vyake. Lango la Altamiro bado limefungwa, na nafasi ile naikalia mimi.